Barua kwa Mhariri: Levodopa ya tangini na levodopa ya upupu ni kitu kilekile

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika safu yako ya barua ili tusahihishe jambo lililoandikwa kwenye ukurasa wa afya, katika makala iliyohusu upupu na ugonjwa wa Parkinson. Mwandishi alieleza vizuri kwamba mbegu za upupu zina levodopa, dawa ileile wanayopewa wagonjwa hospitalini. Kisha akasema vidonge vya hospitali ni "kemikali tupu ya kiwandani", na kwamba mwenye upupu shambani ana "dawa hai". Hapo hatukubaliani naye, wala hatubishani kwa ajili ya maneno tu. Mgonjwa anayetetemeka mikono akisoma mstari ule anaweza kuacha vidonge vyake kesho asubuhi.

Levodopa ni molekuli moja: kaboni 9, hidrojeni 11, nitrojeni 1 na oksijeni 4, zimeungana kwa mpangilio mmoja. Ikitoka kwenye mbegu au ikitoka kwenye tangi, mpangilio ni uleule, na mwili hauna namna ya kuijua ilikotoka. Tena neno "hai" halimsaidii mwandishi, kwa sababu njia mojawapo kubwa ya kuitengeneza hutumia kimeng'enya cha bakteria, yaani protini inayoharakisha mmenyuko wa kemikali. Kampuni ya Ajinomoto ya Japani ilianza kuitengeneza kwa njia hiyo mwaka 1993, kwa kutumia seli za bakteria anayeitwa Erwinia herbicola, ambaye siku hizi wataalamu humwita Pantoea agglomerans.

Kinachotofautisha kidonge na mbegu ni kipimo. Mbegu za upupu huwa na levodopa kama asilimia 4 hadi 6 ya uzito wake, na kiasi hicho hubadilika kwa aina ya mmea na mahali ulipolimwa. Kidonge cha kawaida kina miligramu 100 za levodopa na miligramu 25 za kabidopa. Kwa hesabu ya juujuu, miligramu 100 zimo katika gramu 2.5 za mbegu zenye asilimia 4, au katika gramu 1.7 za mbegu zenye asilimia 6. Lakini kabidopa haimo kwenye upupu, na kazi yake ni kubwa: huzuia levodopa isigeuzwe kuwa dopamini, kemikali inayompungukia mgonjwa ubongoni, kabla haijafika kwenye ubongo. Bila kabidopa mgonjwa huhitaji levodopa karibu mara nne ili apate nafuu ileile, na dopamini inayozaliwa nje ya ubongo ndiyo inayomletea kichefuchefu. Marcus Guggenheim, mkemia aliyeitenga levodopa kutoka kwenye mbegu za Vicia faba, aina ya maharage, mwaka 1913, alimeza gramu 2.5 zake akaishia kutapika.

Jambo hili linatugusa hapa nyumbani. Utafiti uliofanyika wilayani Hai, Kilimanjaro, na kuchapishwa 2008, ulikuta kwamba wagonjwa wengi wa Parkinson hawakuwa wametambuliwa kabla ya watafiti kuwafikia. Wale wachache waliokwisha kutambuliwa na kupewa dawa hawastahili kuyumbishwa na mstari wa gazeti.

Sasa tueleze jinsi molekuli hii inavyotengenezwa, kwa sababu tunaamini mwandishi asingeandika alivyoandika kama angeiona kazi yenyewe, na kwa sababu mmenyuko huu unaweza kufanywa katika maabara ya kawaida ya chuo.

Levodopa ni ndugu wa tirosini, mojawapo ya asidi amino tatu zenye pete ya aina ya benzini. Nyingine mbili ni fenilalanini na triptofani. Mmea hujenga pete hiyo kwa hatua nyingi, ukianzia kwenye sukari. Bakteria tuliyemtaja ana njia ya mkato. Ana kimeng'enya kinachoitwa tirosini fenoli-liasi, ambacho kazi yake ya asili ni kubomoa: huchukua tirosini na maji, kikatoa fenoli, piruvati na amonia. Mwaka 1972 Hideaki Yamada, Hidehiko Kumagai na wenzao wa Chuo Kikuu cha Kyoto walionyesha kwamba mmenyuko huo hurudi nyuma. Mpe bakteria fenoli, piruvati na amonia kwa wingi, naye atakujengea tirosini. Badili fenoli kwa katekoli, ambayo ni pete ileile yenye kundi moja zaidi la oksijeni na hidrojeni, utapata levodopa kwa hatua moja, ndani ya maji, bila mgandamizo wala moto.

Tena kimeng'enya hutoa umbo la L peke yake. Molekuli hizi zina maumbo mawili, L na D, yaliyo kama kiganja cha kushoto na cha kulia. Kemia ya kawaida isiyo na kichocheo teule hutoa nusu kwa nusu, na nusu ya D haimfai mgonjwa. George Cotzias, aliyeonyesha mwaka 1967 kwamba dozi kubwa za dopa huwapa nafuu wagonjwa wa Parkinson, alianza na mchanganyiko wa maumbo yote mawili, na baadhi ya wagonjwa wake wakapungukiwa chembe nyeupe za damu. Alipohamia kwenye L peke yake, tatizo hilo likatoweka. Wakemia nao walipata njia yao ya kutoa umbo la L: William Knowles wa kampuni ya Monsanto, Marekani, alibuni kichocheo cha madini ya rodiamu kilichotumika kiwandani kutengenezea levodopa, na mwaka 2001 akapata sehemu ya Tuzo ya Nobel. Kwa hiyo hata levodopa isiyopita kwenye bakteria haistahili kuitwa "kemikali tupu" kwa maana ile ya kutisha.

Kwa walimu wa maabara wanaosoma gazeti hili, tunashauri waanze na tirosini kabla ya levodopa. Fenoli ni rahisi kupatikana, na tirosini haiharibiki kwa hewa, hivyo mwanafunzi anayekosea ataona kosa lake badala ya kuona giza tu.

Kwanza seli. Chuo chenye E. coli wa maabara aliyewekewa jeni ya kimeng'enya hiki kutoka kwa Citrobacter freundii kitumie huyo. Chenye Pantoea agglomerans wa kawaida kimwoteshe kwenye lita 1 ya maji yenye tirosini gramu 2, potasiamu fosfati gramu 2, magnesiamu salfeti gramu 1, gliseroli gramu 6, asidi suksiniki gramu 5, piridoksini (vitamini B6) gramu 0.1, chumvi ya chuma kidogo sana, na protini ya soya iliyochanganuliwa. pH iwe 7.5, joto nyuzi 28, chupa itikisike kwa saa 24 hadi 28. Glukosi isiwekwe kabisa. Walimu wengi huiweka kwa mazoea, seli zinaota kwa wingi wa kupendeza, halafu hazifanyi kazi, kwa sababu bakteria mwenye glukosi hana haja ya kubomoa tirosini na hafungui jeni ya kimeng'enya hiki. Tirosini ndiyo inayoiamsha jeni. Haiyeyuki vizuri, kwa hiyo chembe nyeupe zitakazobaki chini ya chupa si dalili ya kuharibika. Mwishoni mwa uoteshaji, harufu hafifu ya fenoli ikitoka chupani ni habari njema: kimeng'enya kipo na kimeanza kubomoa.

Chembe hizo nyeupe zina mtego wake. Ukizungusha seli kwenye sentrifuji zikashuka chini, inamisha mrija mbele ya dirisha, utaona ukingo mweupe chini ya tope la rangi ya krimu. Huo ni tirosini ya chakula iliyosalia. Ukiuacha, mwisho wa siku utapima tirosini uliyoinunua dukani na kudhani umeitengeneza. Dawa yake ni kuacha chupa itulie dakika chache kabla ya sentrifuji, kwa kuwa fuwele huzama haraka kuliko bakteria, kisha kumimina maji ya juu yenye seli. Halafu seli zioshwe mara mbili kwa bafa (maji yanayozuia pH isiyumbe) ya potasiamu fosfati yenye pH 8.

Mmenyuko wenyewe wa mililita 100 huandaliwa hivi. Yeyusha fenoli gramu 0.47, piruvati ya sodiamu gramu 1.10 na amonia kloridi gramu 2.7 katika bafa ileile. Ongeza miligramu 2.5 za piridoksali fosfati, ambayo ni umbo la vitamini B6 linalokaa ndani ya kimeng'enya na kushika molekuli wakati zinaunganishwa. Rekebisha pH ifike 8.0 kwa potasiamu haidroksaidi au kwa maji ya amonia. Usitumie sodiamu haidroksaidi ikiwa unaweza kuikwepa: kimeng'enya hiki huchangamka kwa potasiamu au amonia, lakini sodiamu haikisaidii. Mwisho kabisa weka gramu 4 hadi 5 za tope la seli, funika, koroga polepole kwa nyuzi 30 hadi kesho yake.

Mpangilio huo una sababu. Fenoli lazima iwe imeshayeyuka na kutapakaa kabla seli hazijaingia. Mwanafunzi akidondosha fenoli kali juu ya seli, zile za mahali ilipoangukia huungua papo hapo, na kimeng'enya chao hufa nazo. Hata ikiwa imeyeyuka vizuri, fenoli ikifika gramu 1 kwa mililita 100 huanza kukiharibu kimeng'enya. Ndiyo maana viwandani huilisha kidogokidogo kwa masaa, na ndivyo Wajapani walivyofikia takriban gramu 60 za tirosini kwa lita. Darasa linalotaka zaidi lingoje saa 6, kisha liongeze fenoli nyingine gramu 0.47 pamoja na piruvati gramu 0.55, zikiwa zimeyeyushwa kwenye maji machache.

Kuhusu pH, watu wengi hudhani kupandisha hadi 9 kutaharakisha kazi, kwa sababu kimeng'enya hutumia amonia huru. Kwenye pH 8 ni kama asilimia 5 tu ya amonia iliyo huru, na kwenye pH 9 hufika zaidi ya theluthi. Lakini amonia huru hiyohiyo hutoroka hewani, chumba kinanuka, pH inashuka yenyewe, na kimeng'enya chenyewe hakidumu. Pima pH kila baada ya saa mbili mchana wa kwanza, urudishe 8.0 kwa matone.

Piruvati nayo husumbua kuliko inavyoonekana. Asidi piruviki ya maji iliyokaa kabatini miaka mingi huwa imejiunga yenyewe kwa yenyewe, molekuli mbili mbili, na hizo jozi hukizuia kimeng'enya. Unga wa chumvi ya sodiamu hudumu zaidi, mradi ukae mkavu na baridi. Ukishauyeyusha kwenye maji yenye pH ya juu, utumie siku hiyohiyo. Piridoksali fosfati, unga wa njano, huharibiwa na mwanga, basi chupa yake ifungwe karatasi ya aluminiamu. Na bafa ya Tris iliyo katika kila maabara ya baiolojia isitumike hapa, kwa kuwa ina kundi la amino linaloinyakua piridoksali fosfati kabla haijafika inapotakiwa.

Mambo yakienda sawa, baada ya saa kadhaa mtu akiitikisa chupa kwenye mwanga wa dirisha ataona maji yanameremeta kama kitambaa cha hariri. Hizo ni sindano nyembamba za tirosini zinazogeuka pamoja na mkondo wa maji. Tirosini huyeyuka gramu 0.45 tu kwa lita kwenye nyuzi 25, hivyo ndani ya mililita 100 ni miligramu 45 zinazoweza kubaki majini. Nyingine zote huganda. Na huko kuganda ndiko kunakoushinda ubishi wa kimeng'enya. Kumbuka kwamba kinaweza kujenga na kubomoa. Tirosini iliyokwisha kuwa fuwele imeondoka kwenye maji, haipo tena ya kubomolewa, kwa hiyo kazi huendelea kuelekea upande wa kujenga. Wingi wa amonia na piruvati, ambavyo tumeviweka zaidi ya fenoli makusudi, husukuma upande huohuo.

Kuivuna si kazi ngumu, lakini hapo ndipo darasa hupoteza nusu ya mavuno. Weka asidi hidrokloriki mpaka pH ishuke karibu na 1; fuwele zote zitayeyuka na seli zitabaki. Ondoa seli kwa sentrifuji. Maji yakiwa ya kahawia, yapitishe kwenye mkaa wa maabara wa kufyonza rangi, lakini usizidishe gramu 0.2, kwa sababu mkaa huo hupenda molekuli zenye pete, na hautofautishi rangi na tirosini. Sasa pandisha pH kwa maji ya amonia hadi 5.7, mahali ambapo molekuli ya tirosini haina chaji ya ziada na hutaka kuganda kuliko mahali pengine popote. Acha kwenye jokofu usiku kucha, chuja, osha kwa maji machache ya barafu. Mtu akiosha kwa nusu lita ya maji ya vuguvugu la chumbani, ameshaitupa zaidi ya gramu 0.2 kwenye sinki. Gramu 0.47 za fenoli haziwezi kutoa zaidi ya gramu 0.91 za tirosini hata kila kitu kikienda sawa. Darasa litakalopata gramu 0.5 zilizokauka limefanya kazi nzuri.

Uthibitisho ufanywe kwa uangalifu. Ninhidrini, ambayo kila shule huitumia kupimia asidi amino, hugeuka zambarau kwa amonia pia, na chupa hii imejaa amonia. Ukidondoshea ninhidrini kwenye chupa moja kwa moja, hata chupa isiyo na seli "itafaulu". Tumia kromatografia ya karatasi kwa butanoli, asidi asetiki na maji, sehemu 4, 1 na 1, ukiweka tirosini halisi kando, na udai doa lako lipande kimo kilekile na lile. Kipimo cha Millon kiachwe kabisa: kina zebaki, na fenoli iliyobaki huleta wekundu uleule. Chupa za kulinganishia ziwe tatu: moja bila fenoli, moja bila seli, moja yenye seli zilizochemshwa dakika 10. Chuo chenye polarimita, chombo kinachopima molekuli zinavyopindisha mwanga, kiyeyushe fuwele kwenye asidi hidrokloriki ya moli 1 kwa lita. Mwanga hupinda kushoto, kwa kiwango maalumu cha kati ya nyuzi 10 na 12. Mchanganyiko wa nusu kwa nusu ungesoma sifuri. Kipimo hicho kimoja humfundisha mwanafunzi maana ya L na D kuliko michoro 20 ya ubaoni.

Sasa levodopa. Vipimo havitofautiani sana: katekoli gramu 0.55, piruvati ya sodiamu gramu 1.10, amonia asetati gramu 3.85, piridoksali fosfati ileile, na nyongeza mbili zisizosahaulika, yaani sodiamu salfaiti gramu 0.2 na EDTA gramu 0.1. Kiwango cha juu kabisa cha mavuno ni gramu 0.99. Joto lishuke mpaka nyuzi 15 hadi 20, na muda uongezwe kufika siku mbili.

Salfaiti na EDTA zimewekwa kwa sababu ya hewa. Katekoli na levodopa huungana na oksijeni kwa urahisi mno kwenye pH 8. Chupa isiyolindwa huanza na rangi ya majani makavu, ikawa ya waridi, ikawa ya kahawia, na jioni yake ni nyeusi kama chai ya rangi iliyosahaulika jikoni. Weusi huo ni wa jamii ya melanini, rangi ya ngozi na nywele zetu, na una undugu na weusi unaoshika ndizi mbichi iliyomenywa. Salfaiti huiwahi oksijeni. EDTA hushika chembe za chuma na shaba zinazochochea uharibifu. Mara nyingi tatizo ni maji ya bomba au kifuniko chenye kutu, na mwalimu anahangaika na bakteria wasio na kosa. Tumia maji yaliyokenekwa na chupa ndogo iliyojaa karibu na shingo, ili hewa isipate nafasi.

Ubaridi nao una sababu mbili. Katekoli hukiua kimeng'enya haraka zaidi kadiri joto linavyopanda. Ya pili hujificha: levodopa iliyokwisha kutengenezwa inaweza kuungana na piruvati yenyewe, bila kimeng'enya chochote, ikafunga pete nyingine na kuwa kitu kisicho dawa. Kwenye nyuzi 30 au zaidi mtu huona katekoli inaisha vizuri, anafurahi, kisha fuwele zinakuwa chache kuliko hesabu. Hazikuibiwa na bakteria. Zimeliwa na piruvati iliyozidi, na ndiyo maana kwenye levodopa ni heri piruvati nayo ilishwe kwa awamu badala ya kumwagwa yote mwanzoni.

Triptofani tuipitie kwa haraka: hutengenezwa kwa indoli na serini kupitia kimeng'enya kingine kinachotumia vitamini B6 ileile, na taabu yake kubwa ni kwamba indoli haitaki kuyeyuka na ikizidi hukizuia kimeng'enya. Fenilalanini ina kisa kinachowahusu zaidi wasomaji wa Pwani. Hutengenezwa kwa asidi sinamiki na amonia. Asidi sinamiki ndiyo hutokea mafuta ya mdalasini yakikaa na kuungana na hewa, mdalasini huohuo unaolimwa Zanzibar. Kimeng'enya chake, fenilalanini amonia-liasi, hupatikana kwa hamira za jamii ya Rhodotorula, hakihitaji vitamini B6, lakini hudai amonia nyingi ya kutisha, moli 5 au zaidi kwa lita, na pH ya karibu 10. Kampuni ya Genex ya Marekani iliitumia njia hii miaka ya 1980, wakati fenilalanini ilipohitajika kwa kutengenezea aspatemi, sukari ya kuigiza. Kwa darasa la kawaida lisilo na kabati la kuvuta hewa hatuishauri.

Kabati hilo lingekuwa zuri hata kwa fenoli, na glavu ni lazima. Fenoli huunguza ngozi na wakati huohuo huitia ganzi, hivyo mtu haumii mpaka doa limekuwa jeupe. Ikimwagikia mtu, avue nguo iliyolowa mara moja, aoshwe kwa maji mengi sana, na apelekwe hospitali hata kama anasema hasikii kitu.

Tunakuomba, Mhariri, uchapishe masahihisho kwenye ukurasa uleule wa afya, sehemu ileile, si kwenye kona ya matangazo. Wagonjwa walioisoma makala ile hufungua ukurasa huo. Waambiwe wazi kwamba vidonge vyao vina molekuli ileile ya upupu, kwamba vimepimwa na kuongezwa kabidopa, na kwamba anayetaka kutumia upupu azungumze kwanza na daktari wake, kwa kuwa levodopa ya mbegu itajumlishwa na ya kidonge ndani ya mwili mmoja.

Na kwa walimu watakaojaribu: levodopa ya darasani ibandikwe lebo na ihesabiwe kabla wanafunzi hawajaondoka. Inaweza kuwa na masalia ya katekoli, ambayo ni sumu, na mabaki ya kuta za bakteria, hata kama fuwele ni nyeupe na nzuri. Mtu asiionje wala asiibebe kwenda nayo nyumbani kwa babu anayeumwa. Maji yaliyobaki, yenye fenoli au katekoli, yakusanywe kwenye dumu lenye kifuniko la taka za kemikali, yasimwagwe kwenye sinki, na seli zichemshwe kwa mvuke wa mgandamizo dakika 20 kwa nyuzi 121 kabla ya kutupwa.

Ni sisi wasomaji wako,
Walimu na mafundi wa maabara ya baiokemia,
Morogoro